Vioo Viwili vya Sebbi

Kwa Sebbi kinyozi, hapa Bombo,
vioo viwili hutazamana mchana kutwa
kama majirani wasiosemezana.
Nimekaa katikati, shuka shingoni,
kamera kifuani.
Sebbi anasukuma kimoja kwa kidole:
ujia unapinda, vichwa vinapanga foleni,
vyote vimenyolewa nusu.

Nahesabu watu. Wa tatu ana ukijani wa chupa.
Wa tisa amefifia kama kitambulisho cha babu.
Wa kumi na moja, naapa, si mimi:
ni marehemu kaka Fadimula,
asubuhi ile, kabla ya lori.

Nabonyeza.

Pichani mna mwanga mtupu,
flashi imemeza foleni nzima.
"Haya," asema Sebbi, akikung'uta shuka,
"yupi kati yenu atalipa?"