Yai la Bibi Aikande

Baraka imeshatolewa, kengele imenyamaza,
ukungu wa Machame umepanda kurudi msituni,
na pale uani, juu ya meza ya Shule ya Jumapili,
sadaka zisizoingia kwenye bahasha zinangoja bei:
mkungu wa mshare, magimbi yenye udongo bado,
jogoo aliyefungwa miguu, mbishi kuliko wazee wa kanisa,
na yai.

Moja. Ndani ya kikombe cha bati.

Mimi ndiye mwenye daftari. Kazi yangu kuandika,
si kuuliza kama kuku wa Aikande ameacha kutaga
au amechukuliwa na mwewe.
Kundaeli mnadi akaliinua, vidole vitatu tu:
"Mia tano! Nani ana uso wa kumpa Mungu mia tano?"
Elfu, akasema mwalimu wa kwaya. Akalipa. Akalirudisha:
"Liuzwe tena."

Likauzwa tena. Fundi bomba, elfu mbili, liuzwe tena.
Watoto wa kipaimara wakachanga sarafu za maandazi.
Mgeni kutoka Dar, viatu vyake vyeupe vikilia matopeni,
akatoa noti nyekundu tatu bila kuvua miwani.
Muda wote huo mtoto wa Ndetaulwa
yuko wodini KCMC, mguu umening'inizwa kwa kamba,
na bili inatambaa kama maboga wakati wa masika.

Nikajumlisha mara mbili. Kalamu ikakauka, nikaazima nyingine.
Elfu themanini na tatu. Yai lile lile.

Hapo Sifaeli akasogea.
Sote tunajua: miaka kumi na mmoja, yeye na Aikande,
mfereji mmoja, maji yanayogeuzwa usiku,
masale ya mpakani yaling'olewa
yakaota tena hatua mbili ndani ya kihamba cha mjane.
Meza ya Bwana wanashiriki. Njiani hawasalimiani.
"Elfu kumi na saba," akasema. "Itimie laki."
Hakusema liuzwe tena.

Akavuka ua. Mkono wa kulia kikombe,
wa kushoto jani la isale, limepigwa fundo
kama walivyolipiga babu zetu
kabla kengele haijapandishwa mlimani.
Hata jogoo alinyamaza.

Bibi akapokea kikombe. Akaligeuza yai, akaligeuza,
kama mtu anayetafuta ufa.
Jani hakulipokea. Hakulikataa pia.
Alisogea tu kwenye benchi, akaacha nafasi
ya mtu mmoja, tena mwembamba.

Sifaeli si mwembamba.
Akakaa hivyo hivyo, nusu yake hewani,
jani likitetemeka juu ya goti lake.

Nikaandika: yai, laki moja, imelipwa.
Mstari unaofuata sikuujaza.
Kundaeli alikuwa ameshamshika jogoo.