Mlango wa Kushoto

Bi Shinuna aliniuliza mimi,
utadhani mimi ndiye niliyeichora:
"Kwa nini yangu?"
Kwake Al-Khoud, ukuta kwa ukuta,
Mhandisi Ghalib hulaza nje gari la Kijerumani
lenye viti vya ngozi vinavyojipasha joto
(vijipashe joto, Maskati, mwezi wa Juni!)
na mwizi hakuligusa hata kwa ukucha.
Akachukua Landikruza yake, mkweche wa tisini na nane,
nyeupe, inanuka mbuzi na ndimu kavu,
redio imekwama stesheni moja tangu mumewe yu hai.

Nikamjibu kifundi. Nimesimama nyuma ya kaunta,
Wadi Kabir, feni inahamisha joto kona hii kwenda ile.
Gari la jirani lina akili, nikamwambia.
Linamjua mwenyewe, linampigia simu,
ukilifungua boneti linadai kompyuta.
Ukiliiba, umeiba mbea.
Lako ni bubu. Waya mbili zikikutana, linaitika.

Halafu tazama barabarani.
Kutoka hapa mpaka Sur, mpaka mchanga wa Bidiya,
ngapi nyeupe?
Nenda uwanjani asubuhi ya Idi,
wanaume elfu na kanzu zao,
kisha unioneshe aliyeondoka na viatu vyako.

Na hapa, nakiri, nikaanza kuona raha ya kujua mambo:
gari haliibiwi kwa uzuri, Bi Shinuna.
Linaibiwa kwa sababu halifi.
Injini yake huhamia kifua kingine
kama mjukuu anavyopewa jina la babu.
Giaboksi inatakwa Nizwa, taa zinatakwa Ibra,
difu inatakwa ng'ambo, ambako nambari haziulizwi.
Zima lina bei moja.
Likichinjwa, hata utumbo una mnunuzi.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akatengeneza mtandio.
"Kumbe kosa langu ni kununua kitu kinachofaa."
Akaenda zake.

Wiki ya tatu akarudi. Wanawe wamemchangia,
amenunua nyingine: ileile, umri uleule.
Nikacheka. Hakucheka.
"Njia ya shamba letu haijui lugha nyingine."
Lakini hii imegongwa ubavuni, mlango haufungi,
amekuja kutoka Al-Khoud kaushika kwa mkono mmoja.
Mpya hauwezi. Anataka uliotumika.
Wa kushoto. Wa dereva.

Nikampigia Delwar ukelele: ulete ule wa Jumanne.
Akautoa uani mgongoni, kama anayebeba mgonjwa,
akausimamisha kwenye pipa la oili.

Bi Shinuna hakusema kitu.
Akapeleka kiwiko ukingoni mwa dirisha,
pale rangi ilipolika mpaka bati,
kikakaa,
kama kisigino ndani ya kiatu cha zamani.
Kisha akainama kutazama chini ya kitasa.
Nami nikainama.
Nyota ya karatasi, ya dhahabu, imekatika pembe moja,
ya aina ile wanayopewa watoto wakisoma vizuri.

Jumanne ile sikuuliza.
Kijana alikuwa na haraka, kofia yake ya viua imepigwa pasi,
salamu yake ndefu, bei yake fupi,
na bei fupi huziba masikio kuliko pamba.
Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema nguo yenyewe inaweza kuwa mimi,
na risiti nakuandikia.

Nilikuhesabia injini, Bi Shinuna,
nikakuhesabia rangi, waya, difu, ng'ambo,
kidole kwa kidole, kama mwalimu.
Rafu hii sikuihesabu.
Ilikuwa nyuma yangu; nilikuwa nimeiegemea.

Akafungua pochi.
"Bei gani?" akauliza, sauti ileile
aliyouliza nayo siku ya kwanza, kwa nini yangu.
Delwar akatazama chini.
Feni ikageuka kwangu, ikageuka kwake,
ikarudi kwangu.