Risasi Nne Juu ya Meza

Baba amezisimamisha kwenye kitambaa cha plastiki,
nne, kati ya jemu na bili ya daktari wa mifugo,
anazikagua kama shangazi anayekagua posa.

Nje, Maniototo imekauka hadi mfupa.
Sungura wamekula kilima, wamebakiza mawe.
Benki haikopeshi mawe.

Hii ndogo, mia mbili na nne,
nyembamba kama penseli ya chekechea:
ina mbio, haina teke,
mita mia mbili haikosei.
Ikivuka bonde, upepo wa magharibi
huibeba kama uvumi.

Mia mbili ishirini na tatu ni ya kila mtu.
Ranfurly huuzwa kwa ndoo, karibu na chambo.
Rahisi huvunja upishi, najua,
lakini na bili ni bili.

Ya tatu ina shingo ya msichana na tumbo la baruti.
Hiyo hula mitutu. Mjomba Lachlan
alimaliza miwili kabla ya kumaliza mkopo.

Ya nne, milimita sita, nzito, tulivu,
hupenya upepo kwa bega, kama ng'ombe langoni.
Ila hupiga teke, darubini inaruka,
nami sioni kilichotokea.

Na mimi nataka kuona.
Sijamwambia Baba habari ya Agosti:
yule wa mita mia nne,
aliyejikokota kwa miguu ya mbele
mpaka shimoni.
Nilikaa juu ya jiwe, chai ikapoa ndani ya thamosi.
Ni mharibifu, ndiyo.
Lakini ni watu wetu waliomleta kwa meli
wapate cha kuwinda Jumamosi.
Yeye hakuomba nauli.

Rewi Tamahori ameingia bila hodi,
buti mkononi, soksi zimetoboka.
Anazitazama zote nne.
"Utapiga ukiwa wapi, Ailsa?"
"Juu. Kwenye ua wa waya."
"Na ukishuka mtoni?"

Jokofu linanguruma.
Kushuka ni dakika ishirini.
Kupanda kulimaliza goti la Baba;
langu bado zima.

Nachukua ile ya ndoo.
"Ya kila mtu!" Baba anacheka,
anazirudisha tatu kwenye mkebe wa biskuti,
na ya mwisho, ile nzito,
anaikawiza kiganjani
mpaka shaba ishike joto.