Siku Isiyo na Hesabu

Jana nililipa ya mwisho.
Miezi kumi na sita, elfu saba kila jioni,
mvua, homa, sikukuu, msiba wa shemeji,
elfu saba getini kwa Bi Nalinga,
naye analamba kidole, anahesabu,
anaandika kwenye daftari la shule la mwanawe.
Jana akachomoa kadi ya pikipiki chini ya godoro,
akasema: Haya Shaibu, chuma ni chako.

Usiku sikulala vizuri.
Asubuhi nikakitundika kizibao cha njano msumarini,
nikajaza tangi, nikatoka.
Niende wapi?
Anayebeba watu hakuzoea kujibeba.

Mimi barabara hii naijua kwa bei.
Mikindani, elfu tatu.
Mpapura, kumi na tano, na mzigo tunaongea.
Siku zote kisogoni pangu pana pumzi ya mtu,
mama na kuku wake, mwalimu na boksi la chaki,
na jicho langu liko kwenye shimo lijalo.
Leo kisogoni ni upepo tu.

Basi Mikindani nikageuza uso kulia.
Bahari imeingia bara bila kubisha hodi,
imepenya mlango mwembamba, ikajinyoosha ndani,
ikalala. Vilima vimeizunguka, vimenyamaza
kama watu waliokuta mtoto amesinzia.
Mikoko imepandisha nguo hadi magotini.
Mara elfu nimepita hapa.
Ule mlango sikuwahi kuuona.

Halafu mikorosho. Mikorosho.
Mikorosho imeshikana mabega, chini yake giza safi lililofagiliwa,
na harufu ya maua yake, tamu, nzito,
inaingia ndani ya kofia ngumu na kukataa kutoka.
Bwana mmoja na pampu mgongoni anapuliza salfa,
amejifunga kitenge usoni, wingu la njano linamfuata.
Injini yake ilinguruma kuliko yangu.
Tukapungiana, mafundi wa kelele.

Mbele kidogo kijana akanyoosha mkono: Boda!
Mguu ukakanyaga breki wenyewe, bila kuniuliza.
Nikamwambia, leo sibebi.
Akakitazama kiti kitupu, akanitazama mimi:
Kaka, unaumwa?

Njia ya Sudi ni mchanga, ukikaza mkono unaanguka,
ukilegeza unaanguka.
Mwisho wa mchanga, hori:
kijani ukingoni, buluu katikati,
likikata kona nyuma ya kilima, kona tena,
mpaka husemi ni mto au ni bahari,
na mashamba ya mihogo yakiteremka hadi majini
kana kwamba nayo yamekuja kunawa.

Hapo ndipo mwiba ulipopata tairi langu.

Somoe alikuwa anamenya mihogo, makopa yamejaa paani,
meupe, yanaumiza macho.
Akaniazima pampu ya baiskeli ya mumewe.
Umemleta nani huku?
Nimejileta.
Kufanya nini?
Kutazama.
Akaacha kisu, akageuka, akalitazama hori lake
kuona kama limeongezeka kitu.
Akalitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
Kisha akanipa muhogo wa kuchoma, mmoja,
na chumvi kwenye jani.

Nilirudi jua likiwa kushoto, vumbi mdomoni,
kiraka kikihesabu kila jiwe.
Mjini taa zimewaka. Nikakata kona, nikakata nyingine,
na nilipozima injini
nikajikuta getini kwa Bi Nalinga.

Akatoka na daftari. Naye pia, mazoea.
Tukatazamana, tukacheka.
Umesahau nini, Shaibu?
Nikamwambia habari za hori la Sudi, zile kona,
mihogo hadi majini.
Miaka hamsini na mbili yuko Mtwara, Sudi hajafika.
Akaegemea geti, akanyamaza.
Akauliza: Kunipeleka mimi, shilingi ngapi?

Nikaitafuta bei kichwani,
nikapekua kama mtu anayepekua mifuko ya suruali,
naye amesimama, anangoja,
kidole tayari ameshakilamba.