Ajenda ya Tatu

Nimeambiwa niandike ripoti ya miaka hamsini,
kurasa mbili zisizidi, mgeni wa heshima ana haraka.
Mimi ni katibu wa saba wa Klabu ya Huduma ya Chavakali,
na sanduku la kumbukumbu limenijia na harufu ya mafuta ya taa
na kiota cha panya ndani ya mwaka wa tisini na mbili.

Kitabu cha kwanza kina jalada la buluu lililochakaa.
Mwandiko wa Zebedayo Kisia, karani wa chai,
umelalia kushoto kama mahindi baada ya mvua ya mawe.
Waliohudhuria: kumi na mmoja. Wenye udhuru: wawili.
Ajenda ya kwanza, sala. Ya pili, ada: shilingi kwa wiki.
Ya tatu, maneno matatu tu:
Kina mama wanasimama.

Hakueleza. Nani hakujua ni wapi?
Zahanati ya kule juu ya majabali, Jumanne ya chanjo,
foleni iliyotangulia jua,
mtoto mgongoni, mwingine tumboni,
na ukuta wenye chokaa isiyotaka kuegemewa.

Basi wakatengeneza benchi.
Mbao alitoa Asega, mvule aliojiwekea
kwa jeneza lake mwenyewe.
"Sina haraka," kitabu kinamnukuu.
(Ukurasa wa tisini na nne: rambirambi kwa familia ya Asega.
Sanduku, mkaratusi. Deni la misumari, limelipwa.)

Mengine nimeyaandika yalivyo.
Tangi lililovuja tangu siku ya kuzinduliwa.
Miche elfu moja tuliyopanda, mbuzi wakatushukuru.
Mweka hazina aliyetumwa Kitale kununua mabati
mwaka wa themanini na tatu, na mpaka leo yuko njiani.
Mwenyekiti, Bi Kageha, akapitisha kalamu nyekundu:
"Hii ya Kitale ni lazima?"
Nikamwambia, mama, hata yeye alilipa ada.

Jumamosi ikafika na hema mbili na viti vya kukodi.
Keki ya ghorofa tatu ilitoka Kisumu,
kona za barabarani zikaifanya iiname kama anayesikiliza umbea.
Fulana zimeandikwa HUDMA. Tumezivaa hivyo hivyo.
Saa nane mgeni hajafika, na wingu la kila siku
limeshatua upande wa Kaimosi, linakunja mikono ya shati.

Rasoa Vugutsa, aliyebaki peke yake kati ya wale kumi na mmoja,
akanivuta mkono: "Nipeleke nikalione."

Tukapanda polepole, yeye na fimbo, mimi na ripoti.
Likawa bado lipo, pale barazani.
Mguu mmoja umekwenda, jiwe linafanya kazi yake.
Katikati limebonyea mabonde mawili laini,
yamechongwa na nguo tu, na kungoja.
Juu yake, binti mwenye kitoto cha homa,
kitambaa cha maji kwenye paji, macho mlangoni.
Hakutujua. Fulana zetu hakuzisoma.
Alimwona bibi kizee anayehema.

"Guku, keti," akasema, akajisogeza.

Rasoa akaketi. Kiganja chake kikapita chini ya ubao,
kikatafuta kitu, kikakipata, kikatulia.
Nilingoja aseme. Hakusema:
sisi ndio, au unajua hili lilitoka wapi.
Aliuliza tu mtoto ameanza lini kuchemka.
"Jana usiku," binti akajibu. "Daktari anakawia,
lakini hapa si pabaya."

Huko chini kipaza sauti kikakohoa, kikaita:
mgeni amewasili, waanzilishi wasogee mbele, wapigwe picha.
Nikamnyoshea mkono.
Yeye alikuwa amekwisha kukipokea kitoto,
amekilaza penye bonde la pili.

"Waambie wakate keki," akasema.
"Mimi niko kwenye foleni."