Sentimita ya Kumi na Tisa

Torbjørg anakata tope kwa kisu cha plastiki;
cha chuma kingetia neno lake kwenye ushahidi.
Nje, ghuba ya Norwe imenyamaza chini ya theluji
kama aliyehongwa.

Kipande kwa kipande bomba linarudi nyuma:
hudhurungi, kijivu, kisha weusi unaonuka mayai viza.
Sentimita ya kumi na tisa. Zinki, risasi, zebaki:
mashine inazitaja bila kupepesa macho.

Kwa hesabu ya tabaka, ndio mwaka
babu Sigvald alipopandishwa cheo tanurini,
akanunua piano.

Anaandika namba. Anaifuta.
Anaiandika tena, ileile.

Nyumbani mama bado huifuta vumbi ile piano,
na kome wa ufuoni, wanono,
hakuna anayewaokota.