Hita

Saiq, alfajiri. Nyuzijoto mbili.
Landkruza ya themanini na tisa inanguruma,
feni inazunguka, na kinachotoka
ni pumzi ya mtu aliyenuna.

Mama, Bi Shinuna, kajitanda shali hadi puani:
"Gari lenu hili lina roho ya jokofu."

Nafungua boneti. Maji yapo, injini inachoma kidole.
Nafuata mipira ya hita kwa tochi ya simu:
imekatwa yote miwili, ikaungwa vichwa
kwa kipande cha bomba la shaba.
Kazi ya Zahran, fundi wa Sibu, Mungu amrehemu.
Ilivuja mwezi wa Julai, akacheka:
"Maskati nani ataomba moto?"

Nairudisha hita njiani. Haivuji;
klipu tu ililegea, miaka yote hii.

Bado upande wa Mama hapapiti kitu.
Nachokoa tundu kwa waya wa hanga:
vumbi, kokwa ya tende, kijiti cha mswaki,
kisha, kilichokwamisha kilango,
kishada cha kanzu ya Baba.

Joto likaja, na udi ndani yake.

Nikauliza, niongeze?
Mama kaziba tundu kwa kiganja, kaachia.
"Usiguse."